Diwani ya Michezo 9,999,999

Upo mtindo miongoni mwa waandishi vijana, na sisi wa Mazimbu tumo, wa kulilia kompyuta za zamani na gemu za zamani kwa machozi ya kuazima. Kijana wa Kihonda anakuletea hadithi fupi, na kabla hujafungua ukurasa wa pili mhusika wake ameshaketi mbele ya Commodore 64, nje theluji inaanguka, mama anaita chakula tayari. Kiswahili safi, tamathali za semi zimo, hakuna ubishi. Lakini hiyo Commodore, ndugu yangu, uliiona wapi?

Sina ugomvi na theluji. Mwandishi anaruhusiwa kwenda popote kalamu inapompeleka. Ugomvi wangu ni kwamba tunazo gemu zetu za zamani, tumezicheza mpaka vidole vikaota sugu, na hatuzihakiki wala kuzihifadhi kwa sababu tunaziona feki. Mimi nadai kwamba hizo feki ndizo toleo letu. Tena nadai kwamba kazi ile haikukamilikia ndani ya mashine. Ilikamilikia bandani, kati ya watu. Anayekusanya plastiki peke yake amekusanya jalada la kitabu.

Kwanza historia, maana yenyewe ndiyo inayotukatalia hayo machozi. ZX Spectrum ya Sinclair ilitoka Uingereza Aprili 1982, ya chini kabisa ikiuzwa pauni 125. Commodore 64 ikatoka Marekani mwaka huohuo kwa dola 595. Zilikuwa kompyuta za kuchomeka kwenye televisheni ya sebuleni, na programu zake mara nyingi zilikaa kwenye kaseti ya kawaida, ileile ya kusikilizia muziki. Kaseti hazikuwa shida hapa Morogoro. Mji wa Mbaraka Mwinshehe utakosaje kaseti? Shida ilikuwa hiyo televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ilhali wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na kompyuta zenyewe serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, marufuku iliyokuja kulegea polepole katika miaka ya 1980. Kwa hiyo mtoto wa Morogoro wa mwaka 1985 mwenye Spectrum chumbani kwake, kama si mtoto wa mtaalamu wa kigeni, basi ni mhusika wa kubuni kuliko jini la baharini.

Kilichotufikia kilichelewa na kilipita mlango wa nyuma. Mwaka 1983 Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Famicom. Mafundi wa Taiwan na China wakaiiga, kisha wengine wakaiga ile ya kuiga, na TV zilipoanza kuenea mitaani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1990 mzigo ukatua. Majina ya kwenye boksi yalikuwa mengi na hayakuwa na maana. Sisi tuliita gemu. Mashine gemu, mchezo gemu, banda la kuchezea nalo la gemu. Wasomi wabishane kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi. Mtaani kazi ya kutoa majina ilikuwa imeshakwisha.

Tuanze na kaseti, yaani lile pande la plastiki la kuchomeka juu ya mashine, si ile ya Mbaraka. Lebo imeandikwa kwa mbwembwe: michezo 9,999,999 ndani ya kaseti moja! Ukiwasha, orodha inashuka kweli, namba juu ya namba, lakini ukiifuatilia unakuta michezo halisi ni ya kuhesabu kwa vidole. Iliyobaki ni ileile imerudiwa: Contra ya kuanza na silaha kali, Contra ya kuanzia hatua ya tano, Mario ya kuanzia katikati. Mtu aliyezoea kaseti halali ataishia hapo na kusema huu ni utapeli. Ni utapeli, sikatai. Lakini hebu tuutazame kama fani. Hii ni diwani ambamo shairi moja limechapwa mara elfu, kila mara likianzia ubeti mwingine. Mtoto mwenye shilingi 50 hakulazimika kuanza ubeti wa kwanza kila siku; alikwenda moja kwa moja kwenye ubeti unaomshinda, akaufanyia mazoezi. Mwongo yule aliyebandika namba kwenye lebo alitaka kuuza tu, lakini alimtengenezea msomaji maskini kitabu chenye alamisho kila ukurasa.

Na hao waliotunga michezo yenyewe walikuwa watu wa kubana matumizi kuliko mshairi yeyote. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezo mzima, ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaumeza huo mchezo mara nyingi. Tazama wingu na tazama kichaka: ni mchoro mmoja! Juu umepakwa nyeupe, chini umepakwa kijani, basi. Anayelalamika kwamba mizani 16 zinambana akalitazame wingu la Mario halafu aje tuongee.

Sasa maudhui. Sote tumepita mikononi mwa mwalimu wa fasihi, tunaijua orodha: dhamira, migogoro, wahusika, ujumbe, falsafa. Ichukue orodha hiyo uende nayo kwenye Contra, gemu ambayo kwenye banda letu la Mji Mpya haikupumzika hata siku moja. Wahusika: Bill na Lance, makomando wawili. Mgogoro: wao dhidi ya viumbe wa sayari nyingine. Ujumbe: piga risasi. Dhamira ndogondogo: endelea kupiga. Ukiandika hivyo kwenye mtihani msahihishaji atakupa sifuri na atakuwa na haki. Jina lenyewe lina utata wake. Konami waliitoa mwaka 1987, wakati kashfa ya Iran-Contra ingali ya moto, na Contra walikuwa waasi wa Nicaragua waliofadhiliwa na serikali ya Reagan. Hapa Mazimbu, kwenye ardhi ambayo ANC ya Afrika Kusini ilijenga shule ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana wake waliokimbia makaburu, watoto wa miaka iliyofuata wakawa wanaimba jina hilo jioni nzima bila habari. Sisemi kwamba tulilishwa siasa. Nasema tu kwamba jina lilipita mbele ya pua zetu na hakuna mhakiki aliyelinusa.

Lakini dhamira ya Contra haiko huko. Iko kwenye hatua ya tatu, kwenye maporomoko ya maji. Wachezaji wawili wanapanda pamoja, skrini ni moja, nayo inapanda nao. Aliye juu akiruka, picha inamfuata. Aliye chini, asipokuwa mwepesi, anaachwa nje ya picha na kufa. Hakuna risasi iliyompata. Ameuawa na haraka ya mwenzake. Fikiria sasa hao wawili wamechanga pesa, kila mmoja shilingi 25, wameketi kwenye benchi moja mabega yakigusana. Anayekufa anamgeukia mwenzake, si skrini: "Oya, si nimesema ningoje!" Na yule wa juu: "We kwea bwana, usizubae!" Nyuma yao watu kumi na tano hawajalipa kitu, wameshagawanyika vyama viwili. Wapo wanaosema aliye juu ana haki, mwendo ni mwendo. Wapo wanaosema huyo ni msaliti asichezewe naye tena. Nimesoma riwaya kadhaa juu ya ubinafsi zenye kurasa 200 ambazo hazikunifikisha pale maporomoko yale yalipofikisha watoto kwa sekunde nne.

Filamu zilikuwa zimetufundisha kwamba steringi hafi. Gemu ikatufundisha kwamba steringi anazo roho tatu, zikiisha anampisha mwingine kwenye benchi. Mwenye banda letu alilipisha kwa roho, si kwa saa, ndiyo maana ile Contra ya roho 30 iliyokuwemo kwenye orodha alitukataza kuigusa. Ingemfilisi!

Hapa ndipo nadharia ya fasihi simulizi inapotufaa kuliko ile ya kitabu. Tunasema hadithi ya jioni haikamiliki bila fanani na hadhira. Ukiiandika kwenye karatasi umehifadhi maneno, umepoteza kikohozi cha bibi na "ehee" ya wajukuu. Gemu ya bandani ni hivyohivyo. Mwenye pedi ni fanani. Wale wa nyuma ndio hadhira, na hawakuwa kimya: walitabiri, walizomea, walifundisha, walidanganya. Wengi wao walijua hatua zote za Contra bila kuwahi kushika pedi. Hawa ni wasomaji waliosoma kitabu kwa kuchungulia begani, na ndio waliokuwa wengi.

Mchezo wa bata nao usisahauliwe. Duck Hunt, wa mwaka 1984, wenye bunduki ya plastiki. Ukikosa bata, mbwa anachomoza kwenye nyasi na kukucheka, nalo banda zima linacheka pamoja naye. Mtunzi alimweka mbwa awe hadhira ya mtoto aliye peke yake sebuleni. Kwetu alikuta hadhira ipo tayari, akawa kiongozi wa kwaya. Wengi waliamini bunduki ile inatoa mwanga. Haitoi, inapokea. Ukivuta kifyatulio skrini inageuka nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha panapokaa bata panatokea mraba mweupe, na jicho lililomo kwenye mtutu linaangalia kama limeuona. Hesabu hiyo ilipangwa kwa TV ya chogo, ambayo inachora picha papo hapo. TV bapa za siku hizi zinachelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha: bunduki inaona giza, bata wanapita, mbwa anacheka milele.

Kwa hiyo mwenzangu unayetaka kukusanya, bunduki bila chogo ni mwiko wa kusongea ugali. Na chogo zinatupwa kila siku. Nenda kwa mafundi redio uone zinavyopasuliwa kwa ajili ya shaba.

Mashine zenyewe nazo zinakufa vibaya kuliko hizo Commodore. Ndani ya Commodore kila chipu ina jina na namba, fundi anaweza kuing'oa na kutafuta nyingine. Ndani ya feki yetu, hasa zile za baadaye, kila kitu kimefungwa chini ya tone moja jeusi lililomwagwa juu ya bodi kama lami. Likifa tone, imekufa mashine. Wakusanyaji wa Ulaya na Japani wanatunza Famicom halali kwa glovu nyeupe, na ni haki yao. Feki zetu zikiisha hapa kwetu, watu wa kuzitunza watakuwa wachache mno.

Mazimbu inalijua swali hili la nini kihifadhiwe. Shule ile ya ANC, iliyoanza kujengwa mwaka 1978 kwenye shamba la zamani la mkonge, ilikabidhiwa kwa serikali yetu Julai 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Nyaraka zake zilihamia Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, na mtafiti anaweza kuzisoma huko. Vizuri sana. Ila nyaraka ni barua, mihtasari ya vikao, mitaala. Jioni za vijana wale, walicheka nini na nani alimzomea nani kwenye mchezo gani, hayo utayapata zaidi vinywani mwa watu kuliko kwenye majalada, na vinywa vina umri.

Najua jibu la vijana wa kompyuta hapa kampasi: unasumbuka nini, Contra ipo kwenye simu, programu ya kuiga Famicom unaipata bure. Ni kweli, na ninayo. Inacheza safi kuliko bandani, haigandi, haihitaji kupuliza kaseti. Lakini ile orodha ya 9,999,999 haimo, imesafishwa kama makosa ya chapa. Na unacheza peke yako, hivyo kwenye maporomoko humwachi mtu. Maporomoko bila mtu wa kumwacha ni kuruka tu.

Basi nikiulizwa tukusanye nini, orodha yangu fupi haina Commodore. Nataka kaseti yenye lebo ya uongo, na uongo wake usifutwe. Nataka chogo moja inayowaka. Nataka pedi ambayo kitufe cha B kimelika upande mmoja kwa dole gumba la mtaa mzima. Nataka waandishi wetu waende na kinasa sauti kwa wale waliokuwa nyuma ya benchi, wawaulize nani alimwacha nani kwenye maporomoko na kama wanasalimiana. Na zaidi ya vyote nataka daftari la madeni la mwenye banda, lile la mistari lenye jalada la kijani, ambamo kila mtoto wa mtaa aliandikwa kwa jina la utani na idadi ya roho anazodaiwa. Atakayelipata anitafute. Nitalinunua kwa bei ya Spectrum.