Mstari Uliobaki Baada ya Sababu Yake Kwisha

Fungua tovuti ya kampuni ya utalii ya Arusha, hasa iliyotengenezwa kwa bei ya maelewano, kisha tazama msimbo wake. Kule juu huenda ukakuta mstari unaoagiza jQuery, maktaba ya msimbo wa JavaScript, kutoka seva ya mbali. Muulize fundi kwa nini kauweka, atakwambia ndivyo inavyofanywa.

Mstari huo ulikuwa na akili zamani. John Resig alitoa jQuery mwaka 2006, na mwaka 2008 Google ikaanza kuihifadhi kwa matumizi ya wote. Tovuti nyingi zikiagiza faili lilelile kutoka anwani ileile, kivinjari hulipakua mara moja na kuliweka akibani, hivyo mgeni akifika kwako tayari analo. Kabla kebo ya baharini ya Seacom haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, kila kilobaiti iliyookolewa ilikuwa neema.

Kilichovunja hesabu hiyo ni faragha. Tovuti iliweza kupima faili linachukua muda gani kufunguka, ikabaini mgeni alikopita kabla. Safari ilianza kutenganisha akiba mwaka 2013, Chrome ikafuata Oktoba 2020, Firefox Januari 2021. Tangu hapo faili ulilolipata kwenye tovuti ya jirani halikusaidii kwangu. Kivinjari kinalipakua upya.

Faida imekwisha, gharama ipo. Kuifikia seva ngeni ni kuulizia anwani, kufungua muunganisho, kukubaliana funguo za usalama, ndipo uombe faili: safari nne hivi za kwenda na kurudi. Kwa kebo ya kilomita 10,000, mwanga wenyewe unakula milisekunde 100 kila safari. Mgeni aliye lango la Momella, akiulizia nafasi ya kupanda Mlima Meru kwa mtandao wa kusuasua, anaongezewa foleni bure. Ni kweli kampuni kubwa zimesogeza nakala mpaka Mombasa na Nairobi, lakini safari zimefupishwa tu, hazijafutwa. Na mstari ukikaa juu bila neno «defer», kivinjari hakichori kitu mpaka faili lije au kikate tamaa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikaumia vibaya. Siku kama hiyo, ukurasa uliohifadhiwa hapahapa nchini unaweza kukwama kwa kusubiri faili la ughaibuni.

Kituko chenyewe kiko mstari wa pili. Kiolezo cha HTML5 Boilerplate, alichokianzisha Paul Irish mwaka 2010, kiliweka tahadhari: jQuery isipofika, chukua nakala iliyo kwenye folda yako. Utakuta mistari yote miwili imebandikwa vizuri, na folda haipo! Kwingine hata jQuery yenyewe haiitwi na chochote, maana Bootstrap, kifurushi cha kupangia sura za tovuti, kiliachana nayo katika toleo la 5 mwaka 2021. jQuery imebaki tu kwa kuwa hakuna anayethubutu kuifuta.

Ndugu fundi, zuia anwani hiyo ya nje kwenye kivinjari chako, pakia ukurasa, uone kinachovunjika. Kisipovunjika kitu, futa mstari. Kikivunjika, hamishia faili kwenye seva yako. Likishabanwa lina kilobaiti 30 hivi, pungufu sana ya ile picha ya twiga uliyoiweka ukurasa wa mbele.