Mtiifu, Msikivu au Mdanganyika? Kasoro Moja ya Orodha Zetu za Tafsiri

Katika madarasa ya tafsiri kuna orodha za msamiati zilizopita mkono hadi mkono, fotokopi juu ya fotokopi, na ambazo wanafunzi wanaziamini kuliko kamusi. Makala haya yanahusu kona moja tu ya orodha hizo: vivumishi vya Kiingereza vinavyomweleza mtu anayeongozwa au kutawaliwa kwa urahisi. Humo "docile", "gullible", "submissive" na "pliable" hugawana visawe vilevile: -tiifu, -nyenyekevu, -sikivu. Kwa maoni yangu hili ni kosa, wala si dogo.

Tuanze na "gullible". Neno hili halina utii hata chembe. Mtu wa namna hii anaweza kuwa mkaidi nyumbani na kazini, lakini akiuziwa kioo akaambiwa ni almasi, analipa. Mwanafunzi anayewaita wapiga kura wa aina hiyo "watiifu" amewasifu watu ambao mwandishi alikuwa akiwasikitikia. Kiswahili kina -danganyika, na Watanzania wenyewe walishaligeuza kuwa mzaha mchungu: kutoka "Watanganyika" wakapata "Wadanganyika", na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. "Amedanganyika" ni tukio, nalo laweza kumpata hata mwerevu. "Gullible" ni tabia. Kwa hiyo tuseme "mwepesi wa kudanganyika" au "hudanganyika upesi". Orodha haziwezi kutufikisha hapo kwa sababu zinatafuta kivumishi kwa kivumishi, ilhali vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache na kazi hii hufanywa na vitenzi.

"Docile" ni mtego zaidi. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufundisha. Aliyeitwa hivyo alikuwa mtu anayefundishika. Wenzetu waliosomea Kifaransa, huko Burundi, Rwanda na Kongo, bado wanalisikia kama sifa: mtoto "docile" ni mtoto mwema, na hata nywele zinazokubali kitana huitwa hivyo. Katika Kiingereza cha leo, ng'ombe akiitwa hivyo amesifiwa. Vibarua au raia wakiitwa hivyo, kuna harufu ya dharau. Katika maandishi ya enzi ya ukoloni sifa hii ilitolewa na bwana aliyenufaika nayo. Tukiandika "vibarua watiifu" tunaiacha kauli ya bwana ipite kama ukweli mtupu. "Vibarua wasiofurukuta" ingembakiza bwana mwenyewe ndani ya sentensi.

Ama -sikivu, naomba tulihurumie. Limetokana na kusikia, kama Waganda wanavyopata omuwulize kutoka okuwulira, na Wanyarwanda kumvira kutoka kumva. Hata "obedient" ya Kiingereza ina kusikiliza katika shina lake la Kilatini. Msikivu amesikia, akapima, akakubali. Kumpa jina hilo mtu aliyeinamishwa ni kumwonea yeye na neno lenyewe.

Mengine hayana matata. "Malleable" limetoka kwenye nyundo, "pliable" kwenye kukunja; panapotakiwa picha, methali ya bendera na upepo inatosha. Ila tusikimbilie "kibaraka": huyo anajua anamtumikia nani.

Anayetaka kupima hoja hizi achukue Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, aisome sambamba na kitabu cha George Orwell cha 1945. Wanyama wote wanatawaliwa, lakini si kwa namna moja. Farasi Boxer ana shaka anaposikia kwamba Snowball alikuwa msaliti tangu mwanzo. Akiambiwa tu kuwa Napoleon ndiye aliyesema, shaka inakwisha. Huyo ndiye mtiifu, na utii unamfikisha kwenye gari la mchinjaji. (Kwa maana ya Kilatini hata si "docile": alfabeti ilimshinda baada ya herufi D.) Kondoo wanapelekwa kando wiki nzima, wanafundishwa wimbo mpya, wanarudi wakiuimba; hao wanafundishika kwa maana mbaya kabisa. Mollie anavutwa kwa utepe na sukari, basi -rubunika ni lake. Neno moja kwa wote watatu lingeua riwaya.

Anabaki punda Benjamin. Anasoma vizuri kama nguruwe yeyote, hadanganyiki, harubuniki, wala hafundishwi wimbo. Lakini mpaka siku Boxer anapochukuliwa, hajasema neno. Sijaona kivumishi chake katika orodha yoyote, ya Kiingereza wala ya Kiswahili.