Pigo la Kando: Mashabiki wa Kitale na Bungoma na Tatizo la Kulinganisha Nyimbo

Uhakiki linganishi, kama unavyofanywa katika idara zetu, una mazoea yake. Matini mbili huwekwa sambamba, mfanano ukahesabiwa, tofauti zikahesabiwa, kisha mhakiki akahitimisha kwamba watunzi wote wawili wameathiriwa na mazingira yao. Ni nadra sana kuulizwa ni kwa sikio la nani mfanano huo umesikika. Makala haya yananuia kuutazama mlinganisho mmoja ambao haukuzaliwa darasani, na ambao kwa maoni yetu unaifichua kasoro ya msingi katika jinsi tunavyouhakiki wimbo.

Wanaofanya mlinganisho huo ni mashabiki wa rege wa Kitale na Bungoma, watu ambao muziki wao uko katika matatu za njia ya Kiminini na Webuye, katika vinyozi, na siku hizi katika simu za mkononi. Nyimbo zinazobishaniwa ni mbili, au tuseme ni moja iliyoimbwa mara mbili. Ya kwanza ni "My Boy Lollypop", aliyoirekodi Barbie Gaye, msichana wa Brooklyn, mwaka 1956, wakati roki ilipokuwa bado changa. Santuri hiyo haikufika mbali, na leo wanaoijua ni wachache. Ya pili ni wimbo uo huo ulivyoimbwa na Millie Small wa Jamaika jijini London na kutolewa mwaka 1964, chini ya mpangilio wa mpiga gitaa Ernest Ranglin. Huo ulipanda hadi nafasi ya pili Uingereza na Marekani pia. Msomaji makini atapinga kwamba wimbo wa Millie ni ska, wala si rege, kwa kuwa mwaka 1964 rege ilikuwa haijapata hata jina. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, mashabiki huziita zote rege, kama vile mtu anavyomwita mjukuu kwa jina la babu, na hawapotei njia kwa kufanya hivyo.

Mabishano yao yana pande tatu. Wapo wasemao kwamba Mjamaika aliiba. Wapo wasemao kwamba aliyeanza hakuwa na kitu, na kwamba wimbo ulizaliwa siku ulipopata mdundo. Na wapo, hasa Bungoma, wasemao kwamba mdundo wenyewe si wa New York wala wa Kingston. Ni wa kwetu.

Tuanze na jambo ambalo mhakiki wa maneno angeanza nalo. Msichana anamsifu mpenzi wake kwa kumfananisha na peremende. Dhamira ni mapenzi ya ujana. Tamathali ni sitiari. Kuna takriri ya kutosha. Maneno ya Barbie Gaye na ya Millie Small karibu hayatofautiani. Kwa hiyo, kwa kutumia zana tunazowafundisha wanafunzi wetu, hukumu ni moja tu: hizi ni nakala mbili za matini moja, na mlinganisho umekwisha kabla ya kuanza. Lakini hakuna shabiki hata mmoja, awe wa upande upi, anayekubali kwamba amesikia kitu kimoja. Ama masikio yao yanawadanganya, ama zana zetu ni butu. Sisi twashikilia hilo la pili.

Anachokisikia shabiki ni pigo la kando, yaani pigo linaloangukia baina ya mapigo makuu. Katika wimbo wa Gaye pigo hilo limo tayari, likichechemea chini ya ala nyingine. Katika wimbo wa Millie limepandishwa juu, likakatwa fupi na kukazwa, mpaka likawa ndilo linaloubeba wimbo mzima. Sauti ya mwimbaji nayo ni kali na nyembamba, na kinanda cha mdomo kinaingia katikati kama mtu aliyechelewa ngomani. Maneno yaleyale sasa hayamsifu mvulana tu, yanamchezesha msikilizaji.

Dai la wizi linapungua nguvu mara tukiangalia historia. Katika miaka ya 1950 wenye mitambo ya muziki mjini Kingston, akina Clement "Coxsone" Dodd na Duke Reid, walishindana kwa santuri za bluzi zilizoagizwa kutoka Marekani. Dodd alikuwa akikwangua karatasi ya katikati ya santuri ili mpinzani asijue ni wimbo gani. Wimbo wa Willis Jackson uitwao "Later for the Gator" aliubandika jina jipya la "Coxsone Hop". Wanamuziki wa Jamaika walipoanza kurekodi, walikuwa wamekwisha kulelewa na pigo la kando la Wamarekani Weusi, likiwemo lile la piano ya Rosco Gordon katika "No More Doggin'" ya mwaka 1952. Basi Millie hakuuchukua wimbo mgeni kwake. Aliuchukua wimbo wa ukoo ambao jamaa zake wa ng'ambo walikuwa wameanza kuusahau. Aliyedhulumiwa hasa ni Robert Spencer, mtunzi wa kundi la Cadillacs, ambaye mwenye biashara ya santuri, Morris Levy, alijiandikisha katika utunzi wa wimbo wake. Dhuluma hiyo ilitendwa Marekani, kabla Jamaika haijatajwa.

Upande wa tatu ndio ulio na utajiri zaidi kwa mhakiki, ingawa ndio dhaifu zaidi kwa ithibati. Kwa nini msikilizaji wa Bungoma adai kwamba pigo hilo ni lake? Kwa sababu sikio lake limefundwa. Gitaa la omutibo, lililopata umaarufu kwa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, liliandamana na chupa ya soda iliyogongwa na kukwaruzwa, na chupa hiyo hailali juu ya pigo kuu. Tena Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na 2024, vijana wa Kibukusu hupita wakicheza na kengele za chuma ziitwazo chinyimba, nao umati unaitikia. Kengele na miguu vinasemezana. Kimoja kinauliza, kingine kinajibu. Aliyekulia katika mlio huo akisikia gitaa la Ranglin huhisi ameitwa kwa jina.

Kuhisi umeitwa, hata hivyo, si hati ya ukoo. Polka ya Wacheki wa karne ya kumi na tisa nayo ina besi juu ya pigo na akodi kando yake, na hatujamsikia mtu Bungoma akidai kwamba rege ilitoka Bohemia. Mfanano wa muundo ni jambo moja. Nasaba ni jambo jingine, nayo hudai ushahidi wa santuri, wa safari na wa watu waliokutana. Ushahidi wa aina hiyo tunao kwingine. "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, bingwa wa twisti ya Kenya, ilirekodiwa upya na The Tremeloes wa Uingereza na kuingia katika nyimbo ishirini za juu nchini humo mwaka 1968. Hapo tunaweza kusema bila kigugumizi kwamba wimbo ulisafiri, na kwamba ulikotoka kunajulikana. Inashangaza kwamba mashabiki wanaomtetea Barbie Gaye kwa jasho hawamtaji Kabaka katika hoja hiyo.

Turejee kwetu. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika *Mulika* mwaka 1989, alizingatia fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati, na akaipa ngomezi nafasi yake kama utanzu kamili. Mlango ulifunguliwa zamani. Lakini tazama nyimbo zinavyofika mbele ya mwanafunzi: beti kadhaa zimepigwa chapa, chini yake swali la kutaja aina ya wimbo na jingine la kutaja sifa za jamii husika. Wimbo wa Sioyaye wa Wabukusu ukiwekwa hivyo huwa mistari michache yenye marudio mengi, na mtahini anaweza hata kumlaumu mtunzi kwa umaskini wa msamiati. Kengele hazimo. Umbali kutoka mtoni hadi nyumbani, ambao ndio unaoamua wimbo udumu kwa muda gani, haumo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu nyimbo za Bungoma bila kuambatisha hata dakika moja ya sauti ametuletea maganda, nasi tumekuwa tukiyapokea na kuyatunuku shahada.

Haifuati kwamba maneno ni bure. Mwaka 2020, wakati wa mchakato wa BBI, rege iligeuzwa kuwa kaulimbiu ya kisiasa nchini Kenya: waungaji mkono walidai kwamba haizuiliki, wapinzani wakajibu kwamba itazimwa. Mahakama Kuu iliusimamisha mchakato huo Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho Machi 31, 2022. Katika mikutano mingi jina la rege lilitosha, bila gitaa wala pigo la kando, na umati ulielewa. Hapo neno ndilo lililosafiri, likiuacha mdundo nyuma. Kwa nini neno lile liliweza kufanya hivyo, ilhali maneno ya Barbie Gaye yalihitaji miaka minane na gitaa la Ranglin ndipo yasikike, ni swali ambalo wahakiki wa maneno na wahakiki wa sauti itawabidi wakae meza moja kulijibu.