Mfereji Unaobeba Jani la Mgomba

Jani la mgomba lililokomaa huweza kuzidi mita 2 kwa urefu, na mzigo wote huo hushikwa na kikonyo kimoja. Fundi angepewa kazi hiyo pengine angechagua bomba: duara, tupu ndani, gumu kila upande. Mpapai umefanya hivyo hivyo. Mgomba umechagua mfereji.

Kata kikonyo chake kwa kisu, utaona umbo la herufi U, mdomo ukitazama juu. Nyuzi zimesongamana karibu na ngozi ya nje, na ndiko zinakohitajika: jani linapolemea, kingo za juu huvutwa na tumbo la chini hugandamizwa. Katikati mna vyumba vya hewa vilivyotengwa kwa kuta nyembamba, zinazozuia pande za U zisibonyee.

Uhodari wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye ule uwazi wa juu. Chukua bomba la plastiki, ulipasue upande mmoja kwa urefu wake wote, kisha ulisokote. Litakubali kirahisi, ilhali kulipinda bado kutakutoa jasho. Kikonyo cha mgomba ndivyo kilivyo. Mwaka 2000, watafiti Roland Ennos, Spatz na Speck walichapisha vipimo vya vikonyo vya Musa textilis, mgomba wa Ufilipino unaotoa nyuzi za abaka, wakaonyesha kwamba ni vigumu kupindika lakini vyepesi kusokoteka. Upepo ukipiga ubavuni, kikonyo hujisokota, jani likageuka kuufuata, na eneo linalopigwa likapungua. Kuchanika kwa jani, ambako wengi hukuona kuwa hasara tu, nako hupunguza kani ya upepo. (Mfereji huo huo, mvua ikinyesha, huteremsha maji hadi shinani.)

Ila ubunifu huu hautegemei nyuzi peke yake. Sehemu kubwa ya ukakamavu hutoka kwenye seli zilizojaa maji. Mkulima ambaye migomba yake imewahi kupatwa na ugonjwa wa mnyauko wa Panama analijua hilo: kuvu huziba mirija ya maji, majani ya zamani hugeuka manjano, kisha vikonyo huvunjika karibu na shina na majani kuning'inia, huku yale machanga ya katikati mara nyingi yakiwa bado wima. Nyuzi za vikonyo vilivyovunjika hazijaenda popote, ila seli zilizolegea haziwezi tena kuzuia kuta za U zisikunjike.