Mwito wa Kiitikio: Swali la Msukumo wa Utunzi katika Nyimbo za Jando na Unyago, Nachingwea na Ruangwa

Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazochunguza nyimbo za jando na unyago hufuata njia moja. Mtafiti huenda uwandani, hurekodi nyimbo, huzinukuu katika lugha ya jamii husika, huzitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha huzigawa kwa kigezo cha dhima: za kuelimisha, za kuonya, za kuburudisha, za kuhifadhi utamaduni. Njia hiyo imetuachia matini nyingi ambazo bila hiyo zingepotea, na hilo si jambo la kubezwa. Hata hivyo, kuna swali ambalo njia hiyo hailiulizi. Ni nini kinachomfanya mtu aanze kutunga, na ni nini kinachomfanya aendelee kutunga miaka arobaini baadaye?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuziangalia wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ambako Wamwera huishi pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo. Hoja inayotetewa ni kwamba, katika sanaa ya jando na unyago, msukumo wa utunzi hutoka kwanza kwa watu wanaomsubiri mtunzi, na kipaji huja baada ya hapo. Uhakiki unaomchukulia fanani kuwa chanzo cha yote hauwezi kuona kinachopungua katika sanaa hiyo hivi sasa, kwa sababu kinachopungua si matini.

Katika vitabu vya kiada, chimbuko la sanaa hufundishwa kwa nadharia chache: ya kidhanifu, inayodai kwamba sanaa hutoka kwa Mungu au miungu, ya uigaji, ya sihiri, na ya kiyakinifu, inayoihusisha sanaa na kazi na uzalishaji mali. Nadharia ya kidhanifu ndiyo hupingwa zaidi. Lakini tabia yake inajulikana: hukataliwa katika sura ya pili ya tasnifu, kisha hurejea kimyakimya katika sura ya nne, pale mtafiti anapoandika kwamba kungwi fulani “ana kipaji cha pekee” na kuishia hapo. Kusema kwamba mtu ametunga kwa kuwa ana kipaji ni kulirudia swali kwa maneno mengine.

Chimbuko la nadharia hiyo lenyewe lina jambo ambalo halijatumiwa vya kutosha. Katika majadiliano ya Plato yaitwayo Ion, Socrates anaulinganisha ushairi na sumaku inayoivuta pete ya chuma, nayo pete hiyo ikaivuta nyingine, hata mnyororo mzima ukaning’inia. Sumaku ni Muza, mungu wa sanaa. Pete ya kwanza ni mshairi, ya kati ni mghani, na ya mwisho ni msikilizaji. Wahakiki wamezoea kushika ncha ya juu ya mnyororo huo, ama kwa kuikubali ama kwa kuikejeli. Pete ya mwisho haizungumzwi. Msomaji anayeusoma mfano huo huku akiufikiria unyago hulazimika kujiuliza kama sumaku haiko kule chini, kwa wasikilizaji.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliisogeza taaluma mbele aliposisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe kijamii, mahali na wakati. Watafiti wengi wameuchukua msingi huo. Tatizo ni namna unavyotumiwa. Vipengele hivyo hugeuzwa kuwa orodha ya kujaza: hadhira ilikuwa wanawake kadhaa, mahali ni uani, wakati ni usiku. Kwamba hadhira inaweza kuwa sababu ya utungo kuwapo, si mazingira yake tu, halijitokezi katika uchambuzi.

Tuanze na wakati. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Baada ya hapo huja mavuno, na kiangazi kinapokomaa ndipo jando na unyago hufanyika. Mtunzi wa nyimbo hizi, kwa hiyo, hasubiri ilhamu imjie. Anajua tangu mahindi yakiwa machanga kwamba mwaka huu kuna wali, anawajua ni watoto wa nani, na anajua kwamba ataitwa. Jamii hizi kwa asili hufuata ukoo wa mama, jambo ambalo Wembah-Rashid alilieleza kwa kina katika kazi yake ya mwaka 1975, na katika mfumo huo mjomba na bibi wa upande wa mama wana wajibu kwa mtoto ambao hauwezi kukabidhiwa mtu baki. Wimbo ni sehemu ya wajibu huo. Kungwi anayekwenda na wimbo wa mwaka jana bila kuongeza chochote hajavunja sheria, lakini watu wataliona. Labda neno linalofaa hapa ni deni kuliko ilhamu, na deni hilo lina tarehe ya kulipwa.

Jambo la pili lina uzito zaidi, nalo linahusu nani hasa anayetungiwa. Tasnifu zetu hujibu haraka: mwali. Nyimbo zinamfundisha usafi, heshima, ukimya, namna ya kuishi na mume na wakwe. Ikiwa ndivyo, mbona zimejaa mafumbo? Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili, anayesikia picha ya mnyama, chombo cha jikoni au mti wa porini, hawezi kufika peke yake kwenye maana iliyofichwa. Ndiyo maana fumbo hufuatwa na maelezo ya makungwi, na mara nyingine maelezo hayo hucheleweshwa kwa makusudi. Mwenye nia ya kufundisha tu angesema waziwazi tangu mwanzo.

Jibu liko katika utaratibu wa nani anaruhusiwa kuwapo. Wanaoingia ndani ni wanawake waliokwisha kupitia unyago wenyewe. Wote wanazijua nyimbo za msingi, wote wanaweza kupima kama picha mpya imekaa vizuri, na wote ndio wanaoitikia. Mwali ndiye anayeambiwa, lakini wanaohukumu ni hawa. Kungwi anapochomeka mstari mpya katikati ya wimbo wa zamani, hukumu hutolewa papo hapo: kiitikio hupanda, vigelegele vikafuata, au hulegea na mstari ukapita bila kupokewa. Hakuna mhariri mwenye kasi kama hiyo. Katika uandishi, mtu aweza kusubiri miaka ajue kama alichoandika kimemgusa yeyote. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, ubishi kuhusu kama yale yalikuwa mashairi au la uliendelea kwa muda mrefu. Mtunzi wa unyago hupata jibu kabla ngoma haijanyamaza. Jibu hilo ndilo linalomrudisha mwaka unaofuata, na kwa maoni ya makala haya linaeleza kuendelea kwake kuliko kipaji, na kuliko hata malipo ya nguo, nafaka na fedha ambayo makungwi hupewa.

Mfano wa nje unaweza kuitia nguvu hoja hii, na si wa mbali kama unavyoonekana. Unyago wa Zanzibar una mizizi katika bara la kusini mashariki. Fair, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu Zanzibar baada ya kukomeshwa kwa utumwa, anaonyesha nafasi ya wanawake waliotoka utumwani, wengi wao wenye asili ya bara, katika kuieneza mila hiyo visiwani. Humo ndimo alimokulia Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe sana. Ulimwengu ulimjua kwa taarabu, kwa nyimbo alizozipokea kwa kumsikiliza Siti binti Saad, na kwa tuzo ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005. Kwao alijulikana pia kama kungwi na mpiga ngoma ya unyago. Waandishi wengi hustaajabia umri na sauti yake. Kisichotiliwa maanani ni kwamba katika miaka mirefu ambayo majukwaa ya kimataifa hayakuwa na habari naye, palikuwa na wali waliohitaji kuchezwa. Umaarufu ulimkuta tayari anafanya kazi.

Hapa hoja inaweza kupingwa, na pingamizi lenyewe ni zito. Ikiwa wajibu ndio unaozaa utunzi, je, kila wajibu huzaa utunzi mzuri? Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waieneze Azimio la Arusha, na chama cha UKUTA kikaitikia. Ngonjera za Mnyampala ni tunda la mwito huo. Wahakiki wamezisoma ngonjera hizo kwa heshima ya kihistoria, lakini wachache wanaozisoma kwa raha. Nachingwea yenyewe ina mfano mwingine. Katika eneo linaloitwa Farm 17, jina lililobaki kutoka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuanguka miaka michache baadaye, FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kuimba kwaya kulikuwa sehemu ya maisha ya wapiganaji, na mwaka 1971 chama kilitoa mkusanyo wa mashairi yao, Poesia de Combate. Baadhi ya mashairi hayo ni kaulimbiu zilizokatwa mishororo. Mengine yana uchungu wa kweli, hasa yale ya maombolezo.

Tofauti haiko katika kuwapo kwa wajibu. Iko katika mahali jibu linapotoka. Ngonjera iliyoagizwa hupokewa na mwalimu, afisa au mgeni rasmi. Wanafunzi huikariri na ukumbi hupiga makofi kwa adabu. Hakuna anayeweza kuunyima mstari dhaifu kiitikio. Katika kwaya ya kambini wanaoimba na wanaosikia ni wale wale, na aliyefiwa yumo kwenye mstari. Unyago uko upande huu wa pili. Wajibu wake ni mkali, pengine mkali kuliko wa chama, lakini wenye kudai ndio wenye kuitikia, na wana uhuru wa kunyamaza.

Kwa msingi huo mabadiliko ya sasa yanaweza kutazamwa kwa jicho tofauti na la malalamiko ya kawaida kuhusu “utandawazi”. Mamlaka za elimu zimesisitiza kwamba shughuli hizi zifanyike wakati wa likizo ili watoto wasikose masomo. Msimamo huo una haki: mafunzo ya unyago yamelaumiwa, si bila sababu, kwa kuwaingiza mabinti wadogo katika mambo ya wakubwa na kuchangia utoro shuleni. Wala si mara ya kwanza sherehe hizi kurekebishwa kutoka nje. Ranger alieleza mwaka 1972 jinsi misheni ya Kianglikana ya Masasi, chini ya Vincent Lucas, ilivyolifanya jando kuwa la Kikristo tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mila ilibadilika, na iliendelea kudai nyimbo.

Kinachotishia utunzi ni kingine. Fedha za ufuta na korosho zinapoingia nyumbani, sherehe ya kumtoa mwali hukua, na pamoja nayo huja spika na muziki wa kurekodiwa, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Siku za ndani hupungua na saa za uwanjani huongezeka. Nyimbo za zamani bado huimbwa, hivyo mtafiti mwenye kinasa sauti atarudi na data ya kutosha na kuandika kwamba mila ingali hai. Lakini spika haiitikii. Anayeimba mbele ya umati uliochanganyika, wenye waliochezwa na wasiochezwa, hana sababu ya kuhangaikia fumbo jipya, kwa kuwa hakuna wa kulipima. Sindimba ya Wamakonde ilishapitia njia hiyo ilipopandishwa kwenye jukwaa la taifa na kufundishwa shuleni: hatua zake zilihifadhiwa, zikanolewa, zikapendwa nchi nzima, na haja ya kuzitungia neno jipya ikabaki nyuma kijijini.

Kuna matokeo ya kimbinu hapa, na yanamhusu msimamizi na mtahini kama yanavyomhusu mwanafunzi. Mwongozo wa usaili ulio wa kawaida humwuliza kungwi wimbo una maana gani na unafundisha nini. Maswali hayo yanamtaka afunue yaliyo ya ndani, jambo ambalo ana haki ya kulikataa, na mara nyingi hujibu kwa maelezo mepesi yanayompendeza mgeni. Kumwuliza kuhusu kutunga hakuvunji siri yoyote. Mstari gani aliuongeza yeye, na katika msimu upi? Nani aliupokea kwanza? Katika mwaka usio na wali katika ukoo wake, hutunga? Na ni mistari ipi aliyoitoa ikashindwa kuitikiwa, akaiacha? Mistari hiyo iliyokataliwa ndiyo ingetuonyesha vigezo vya hadhira vikifanya kazi. Haionekani katika viambatisho vya tasnifu zetu, kwa kuwa wanawake hawakuiitikia, na jedwali la data halikuwa na safu ya kuiandikia.