Sura na Nafsi katika Picha za Zama Hizi

Zamani, mtu aliyetaka picha yake alivaa nguo zake njema akaenda studio. Huko alikuta kiti, maua ya plastiki na pazia lililochorwa bahari. Naye mpiga picha ndiye aliyemwamuru aketi vipi na aelekeze wapi macho. Leo kamera ya kidijitali imo ndani ya simu. Mpiga picha na mpigwa picha wamekuwa mtu mmoja, na kwa kidole tu mtu huyo aweza kuing'arisha ngozi yake hata mama yake mzazi asimtambue. Basi hatuna budi kuuliza: anayeonekana pale ni nani?

Mfano kutoka Afrika Kusini utatusaidia kulipima swali hili. Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi, Durban, mwaka 1972, alianza mwaka 2012 mfululizo wa picha za kujipiga mwenyewe, akauita Somnyama Ngonyama. Maneno ya Kizulu yenye maana ya kumwamkia simba jike mweusi. Katika picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe, Muholi huzidisha tofauti ya mwanga na kivuli mpaka ngozi yake ikaonekana nyeusi kuliko ilivyo. Katika ile iitwayo Bester I, aliyoipiga mwaka 2015 huko Mayotte, katika visiwa vya Komoro, amejipamba kwa vibanio vya nguo: vingine vimekuwa taji kichwani, vingine vipuli masikioni. Bester ni jina la mama yake, aliyefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu miaka mingi. Chombo cha utumishi kimegeuzwa pambo la kimalkia.

Msomaji aweza kutupinga: je, kujitia weusi usio wako si uongo sawa na kujitia weupe? Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau, kwani picha zote mbili zimetiwa mkono. Lakini anayejing'arisha hutaka tusijue. Akigunduliwa, huona haya. Muholi hafichi. Weusi uliozidi ni kauli yake, kama vile mshairi atiavyo chumvi ili ukweli usikike. Yule wa kwanza anakikimbia alikotoka. Huyu anatutajia jina la mama yake. Wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hatusemi vijana waziache kamera zao. Twasema wajifunze kuzitumia kwa fikira, kama watumiavyo kalamu. Mwalimu na awape wanafunzi wake zoezi hili: kila mmoja ajipige picha akiwa na kitu kimoja cha kazi ya wazazi wake, kiwe jembe, cherehani au tenga la samaki, kisha aandike ukurasa mmoja kueleza kwa nini amekichagua, na kama aliona haya kukishika, haya hiyo ilitoka wapi.