Upanuzi wa Nyuma: Kazi Ipo Kwenye Mshono

Ploti ya futi 50 kwa 100 imezoeleka sana Ruiru na Thika. Nyumba ya familia hukaa mbele, na nyuma hubaki kipande cha kamba za nguo, tangi la maji na shimo la majitaka. Watoto wakikua, au mama mzazi akihamia, kipande hicho ndicho huangaliwa. Wengi huanza kwa kuhesabu mawe na mifuko ya simiti. Mimi ningeanza pale nyumba ya zamani inapokutana na mpya, kwa sababu karibu kila upanuzi ulioharibika uliharibikia hapo.

Shimo kwanza. Ukuta ukikalia kifuniko chake, lori la kunyonya majitaka halina tena pa kuingizia bomba. Mtaa ukiwa na laini ya majitaka, ni heri kuunganisha nyumba nayo, kisha shimo linyonywe, lijazwe mawe na kushindiliwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Halafu udongo. Ukielekea Gatundu ni mwekundu na mara nyingi haukusumbui. Kwenye nyanda za Ruiru na Juja ni mweusi, ule unaovimba mvua ya Aprili ikinyesha na kupasuka kiangazi. Huo huondolewa wote hadi murram au mwamba, hata kama fundi anasema nyumba ya zamani haikuchimbwa hivyo. Kando ya msingi wa zamani usichimbe mtaro mzima kwa siku moja, wala usishuke chini yake bila mhandisi.

Ukutani ndipo mafundi hubishana. Desturi ni kung'oa jiwe moja na kuacha moja kwenye ukuta wa zamani, ili mawe mapya ya Ndarugo yaume humo. Kwenye mwamba sina neno. Kwenye udongo mweusi napinga kabisa: ukuta wa zamani ulishatulia miaka mingi, mpya ndiyo kwanza unaanza kushuka. Ukizifunga kuta hizo pamoja, ufa utapanda ngazi kwa ngazi kati ya mawe. Ujengwe ukuta mpya wenye msingi wake, uachwe mwanya wa milimita 20 hivi, uzibwe kwa kitu kinachobonyea. Mwanya huo uonekane kwenye michoro inayopelekwa kaunti ya Kiambu, kwani sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha maendeleo, na kuongeza vyumba ni maendeleo.

Paa ndilo lililosahaulika zaidi. Chukua ukingo wa paa la zamani ulio mita 2.7 kutoka sakafuni, na upanuzi wa mita 4 kwenda nyuma. Mabati yakiendelea kwa mteremko wa nyuzi 15, yatashuka zaidi ya mita 1, na ukuta wa mwisho utabaki na mita 1.6, mtu mzima atainama. Basi fundi hulaza mabati hadi nyuzi 5. Kichwa kinapita, lakini mvua kubwa ikija, maji hurudi nyuma kwenye maungio na dari huanza kuchora ramani.

Njia bora ni kurudi juu. Paa la zamani likiwa na nyuzi 22, toa mabati ya mita 2 za mwisho. Hapo kimo ni kama mita 3.5. Anzia hapo kwa nyuzi 10, na mwisho wa upanuzi utabaki na mita 2.45. Mabati mapya yaingie chini ya yale ya zamani, na mzigo wa mbao upelekwe kwenye ukuta, usibebeshwe kenchi za zamani. Sasa gata moja inapokea maji ya mapaa mawili, kwa hiyo iwe pana na imwage kwenye tangi, mbali na msingi. Kabla dari haijapigwa, panda na mpira wa maji, uelekeze kwenye maungio kwa muda mrefu, mwenzako akiwa ndani na tochi.